Barua ya wazi kwa viongozi wa tenisi duniani: nafasi ya mshindwa mwenye bahati ipigiwe kura ya wote

Kwa: Viongozi wa Shirikisho la Kimataifa la Tenisi, viongozi wa ATP na WTA (ziara za tenisi ya kulipwa ya wanaume na ya wanawake), na wasimamizi wa mashindano manne makubwa ya Melbourne, Paris, London na New York.

Nakala: Viongozi wa tenisi Tanzania na wasimamizi wa mashindano ya vijana.

Yah: Haki katika kugawa nafasi za washindwa wenye bahati

Waheshimiwa,

Ninawaandikia kutoka Mtwara, mji wa bandari ulio kusini kabisa mwa pwani ya Tanzania, ambako ninafundisha tenisi watoto na vijana katika kiwanja kimoja cha saruji chenye nyufa mbili ndefu, na wavu ambao mvuvi mmoja wa Mikindani aliushona kwa nyuzi za nyavu zake ulipochanika. Ninaandika kwa Kiswahili kwa sababu ndiyo lugha ninayofundishia, na kwa sababu nataka wazazi wa wanafunzi wangu waisome barua hii kabla haijawafikia ninyi. Jambo langu ni moja. Mchezaji wa droo kuu, yaani mashindano yenyewe baada ya mchujo, anapojitoa dakika za mwisho, nafasi yake hupewa mmoja wa wale walioshindwa katika raundi ya mwisho ya mchujo, naye huitwa mshindwa mwenye bahati. Sipingi kuwapo kwa nafasi hiyo. Ninapinga namna inavyogawiwa na namna inavyolipwa, na ninaomba mbadilishe yote mawili.

Naomba nianze na kisa kilichonifanya nizisome kanuni zenu mstari kwa mstari. Wakati wa likizo ya shule nilisafiri na binti mmoja ninayemfundisha, mwenye umri wa miaka 14, kwenda kwenye mashindano ya vijana ambayo sitayataja, kwa kuwa sikuandika ili kumshitaki mtu. Tulipanda basi alfajiri, tukapita Lindi, Nangurukuru na Kibiti, tukashuka Mbagala na kufikia kwa shangazi yake. Alishinda mechi mbili za mchujo. Katika mechi ya tatu, ambayo ndiyo ingemwingiza kwenye droo kuu, alifika hadi seti ya mwisho na kuipoteza kwa taibreki, ile gemu ya kuamua seti, pointi 7 kwa 5.

Jioni ile ile tukasikia kwamba wachezaji wawili wa droo kuu wameugua na hawatacheza. Kuanzia hapo binti alikaa kwenye ngazi za saruji karibu na meza ya mwamuzi mkuu, kamba za viatu zimefungwa, raketi ameilaza mapajani, na kila simu iliyokuwa juu ya meza ile ilipoita yeye alisimama. Kesho yake alirudi pale pale tangu saa mbili asubuhi. Nilimsihi aende akanywe chai na chapati kwa mama aliyekuwa akiuza nje ya geti, akakataa, akisema ataitwa akiwa hayupo. Ilipofika saa nane mchana nilikwenda kuuliza mwenyewe, nikaonyeshwa karatasi ambayo majina mawili yalikuwa yamekatwa kwa kalamu na mengine mawili yameandikwa pembeni. Mmoja wa walioandikwa alikuwa amepoteza mechi yake ya mwisho ya mchujo kwa 6-1, 6-1. Nilipouliza kigezo kilichotumika nilijibiwa, kwa upole kabisa, kwamba ni viwango: wale wawili walikuwa na pointi nyingi zaidi, na ndivyo inavyofanyika hata Wimbledon.

Jibu lile lilikuwa na ukweli wa nusu, na nusu hiyo ndiyo iliyonisumbua. Kanuni mnazoziandika huko juu hazibaki huko juu. Hushuka hadi kwenye mashindano ya watoto, tena hushuka zikiwa zimepungua, kwa sababu anayezinakili huchukua sehemu inayomrahisishia kazi na kuacha ile iliyowekwa kulinda haki. Ninajua wazi kwamba hakuna mwanafunzi wangu atakayecheza mchujo wa Roland Garros, shindano kubwa la Paris, mwakani. Hata hivyo kanuni ya Roland Garros imeshamfikia huyu binti, akiwa amekaa kwenye ngazi na njaa yake.

Kwa faida ya wasomaji wa kwetu, naomba nieleze hesabu yenyewe. Droo kuu ya shindano kubwa ina wachezaji 128. Kati yao 104 huingia moja kwa moja kwa viwango vyao, 8 huingia kwa nafasi za mwaliko zinazotolewa na waandaaji, na 16 hutoka kwenye mchujo. Mchujo nao una watu 128 na raundi tatu, kwa hiyo kila anayeshindwa katika raundi ya mwisho ameshashinda mechi mbili na amebakiza moja tu. Watu hao ni 16. Mchujo ukishaanza, pengo linalotokea kwenye droo kuu hujazwa kutoka kwao. Zamani aliyekuwa na kiwango cha juu kuliko wenzake ndiye aliyetangulia, hivyo kama alisikia mapema kwamba kuna mtu amejitoa, alikuwa na uhakika wa kuingia hata akishindwa, na mechi yake ya mwisho ikabaki haina maana kwake. Katikati ya miaka ya 2000 mashindano makubwa yakaweka kura, yaani majina kuchomolewa kwa bahati nasibu, ili kuuondoa uhakika huo. Lakini kura hiyo haipigwi kwa wote 16. Hupigwa kati ya wanne wenye viwango vya juu zaidi, na katika mashindano ya kawaida kundi la kura huweza kuwa dogo zaidi, hata la watu wawili.

Hapa ndipo neno lenyewe linaponitatiza. Kwetu, mpenzi yeyote wa soka anamfahamu "mshindwa bora". Katika Kombe la Mataifa ya Afrika, tangu 2019 timu zilipofika 24 katika makundi sita, timu nne kati ya zile zilizoshika nafasi ya tatu husonga mbele, na ubora wao hupimwa kwa pointi na mabao waliyopata katika mashindano yale yale. Hakuna anayeuliza timu ilikuwa ya ngapi duniani mwaka uliopita. Ninyi mmelichagua neno "bahati", ambalo kwa maana yake haliangalii cheo cha mtu, kisha mkaiweka bahati hiyo mlangoni na kuiagiza iwachague wenye vyeo tu. Kama ni ubora, basi upimwe kwa mechi zilizochezwa wiki hiyo. Kama ni bahati, basi iwe bahati ya wote. Hiki kilichopo sasa hakitoshi kuitwa ubora wala bahati.

Ninajua jibu ambalo mtu wa kamati angenipa, na nimelifikiria kwa uaminifu. Angesema kiwango cha mchezaji ni jasho la wiki 52, na kwamba ni haki jasho hilo litambuliwe. Nakubali kwamba ni jasho. Lakini hesabuni mara ngapi limeshatambuliwa. Viwango ndivyo vilivyowaingiza watu 104 moja kwa moja. Viwango ndivyo vilivyoamua nani apate nafasi ya kucheza mchujo. Ndani ya mchujo, viwango tena ndivyo vilivyowapanga wachezaji wa juu ili wasikutane mapema. Hadi kufikia raundi ya mwisho, mchezaji wa namba 110 duniani na yule wa namba 220 wameshatenganishwa mara tatu kwa kipimo kile kile, na bado yule wa namba 220 ameshinda mechi zake mbili na kusimama mlango ule ule. Wote wawili wakishindwa siku hiyo, ninyi mnakichukua kipimo kile kile kwa mara ya nne. Mahali fulani lazima mechi zihesabiwe peke yake.

Tena kiwango hakipimi kucheza peke yake. Kinapima pia umbali ambao mtu anaweza kusafiri. Pointi hupatikana mahali yalipo mashindano, na sehemu kubwa ya mashindano yenu ipo Ulaya na Marekani. Hapa Afrika Mashariki, Kigali ilipokea mashindano ya ATP ya ngazi ya Challenger, iliyo chini ya ziara kuu, kwa mara ya kwanza mwaka 2024, jambo ambalo lilitupa furaha kubwa, lakini kwa mtoto wa Mtwara hata Kigali ni safari ya siku kadhaa kwa basi. Mkenya Angella Okutoyi, aliyetwaa ubingwa wa Wimbledon wa wasichana wawili wawili mwaka 2022 pamoja na Rose Marie Nijkamp wa Uholanzi, ameonyesha kwamba kipaji kipo ukanda huu. Kinachokosekana ni wiki za kutosha za mashindano karibu na nyumbani. Mchezaji aliyekusanya pointi chache kwa sababu alicheza mashindano kumi wakati mwenzake amecheza ishirini na tano, ambaye amefika raundi ya mwisho ya mchujo kwa mkono wake mwenyewe, hastahili kuambiwa kwamba jina lake haliingii hata kwenye chombo cha kura.

Sasa natoa hoja ambayo naamini ndiyo nzito kuliko zote, kwa kuwa inatoka ndani ya lengo lenu wenyewe. Mliweka kura ili mchezaji asiwe na sababu ya kuiachia mechi. Chukueni mfano wa siku ambayo nafasi mbili zimeshajulikana kuwa wazi kabla raundi ya mwisho ya mchujo haijachezwa. Kwa utaratibu wa watu wanne, yule anayejua kwamba akishindwa atakuwa ndani ya kundi hilo ana nafasi mbili kati ya nne. Hiyo ni nusu kwa nusu, sawa na kurusha sarafu, na mchezaji mwenye maumivu ya mgongo au aliye na mechi ngumu mbele yake anaweza kuona kwamba sarafu hiyo inatosha. Mkipiga kura kwa wote 16, nafasi yake inakuwa mbili kati ya kumi na sita, yaani moja kati ya nane, na hakuna mtu mwenye akili timamu atakayeiacha mechi aliyonayo mkononi kwa ajili ya moja kati ya nane. Kura ya wote inafanya kazi yenu vizuri kuliko kura ya wanne, na papo hapo inafungua mlango kwa wale kumi na wawili ambao leo wanafungasha mabegi bila hata kusubiri.

Kuna wenzangu waliopendekeza kwamba nafasi apewe aliyeshindwa kwa tofauti ndogo zaidi ya seti na gemu. Kwa kisa cha binti yangu, pendekezo hilo lingemnufaisha, lakini siliungi mkono. Wapinzani hawalingani, na aliyepoteza 6-3, 6-3 mbele ya mchezaji hodari pengine amecheza vizuri kuliko aliyefika taibreki na mpinzani dhaifu. Isitoshe, tutakuwa tumewapa watu sababu mpya ya kupanga matokeo. Kura ni safi zaidi.

Mradi ipigwe hadharani. Naomba niwape mfano wa nyumbani, kwa sababu watu wa Mtwara na Lindi tuna uzoefu na jambo hili kupitia korosho. Kwa miaka mingi ya minada ya stakabadhi ghalani, bahasha za wanunuzi zilifunguliwa mbele ya wakulima na kila bei ikasomwa kwa sauti, na mkulima aliyekaa chini ya mkorosho akiwa na daftari lake aliweza kuandika bei ya kila kampuni. Bei ilipokuwa ndogo watu walinuna, na wakati mwingine waligoma kuuza, lakini hakuna aliyeweza kusema kwamba hakuona bahasha ikifunguliwa. Ile karatasi niliyoonyeshwa, yenye majina yaliyokatwa kwa kalamu, haikumpa binti wangu hata heshima ya kuona jinsi alivyokosa. Ninaomba kanuni iseme wazi kwamba kura ya washindwa wenye bahati ipigwe mbele ya wachezaji wote wanaohusika, kwa saa iliyotangazwa, na orodha nzima ya mpangilio ibandikwe mara moja mahali ambapo kila mtu anaweza kuisoma. Kwenu nyinyi wenye kamera hata kwenye kiwanja cha mazoezi, hilo halina gharama.

Nakuja kwenye malipo, na hapa naomba uvumilivu wenu kwa sababu jambo lina pande mbili. Mwaka 2017 pale Wimbledon, wachezaji kadhaa waliacha mechi zao za raundi ya kwanza katikati. Siku moja, katika Kiwanja Kikuu, mpinzani wa Novak Djokovic na baada yake mpinzani wa Roger Federer waliacha kucheza kwa majeraha kabla ya seti ya pili kumalizika, na maelfu ya watu waliolipa viingilio wakabaki wanatazamana. Ilikuwa wazi kwamba baadhi ya wachezaji huingia kiwanjani wakiwa wameumia kwa sababu fedha ya raundi ya kwanza ni kubwa mno kuiacha. Basi tangu 2018 mkaweka utaratibu huu: mchezaji aliyeshafika mashindanoni ambaye hayuko fiti, akijitoa baada ya saa sita mchana ya Alhamisi kabla ya droo kuu kuanza, hulipwa nusu ya fedha ya raundi ya kwanza, na mshindwa mwenye bahati anayechukua nafasi yake hupewa nusu iliyobaki, pamoja na atakachokipata akiendelea mbele.

Ninausifu uamuzi wa kumlipa mgonjwa. Umefanya watu wenye majeraha wakae pembeni kwa heshima, na umefungua nafasi kwa waliokuwa wakisubiri. Lakini kwa nini gharama ya huruma hiyo imebebeshwa yule anayecheza? Mchezaji aliyetoka mchujo na mshindwa mwenye bahati wanaweza kuingia viwanja viwili vilivyo jirani, saa ile ile, kwenye jua lile lile, wakashindwa wote wawili kwa matokeo yale yale, na mmoja akaondoka na fedha kamili huku mwingine akiondoka na nusu, ilhali nusu nyingine iko kwa mtu aliyekuwa kitandani hotelini. Kwa mchezaji wa namba 200, ambaye hulipia mwenyewe nauli, chumba na mwalimu, nusu hiyo ndiyo miezi miwili au mitatu ya kuendelea na kazi. Mashindano makubwa yana uwezo wa kumlipa mgonjwa nusu yake kutoka kwenye mfuko wa mashindano na kumlipa anayecheza stahiki yake kamili. Nafasi hizo ni chache kwa kila shindano. Haziwezi kuyumbisha bajeti yenu, lakini zinaweza kuamua iwapo mtu ataendelea kucheza mwaka ujao au ataacha.

Lipo pia jambo dogo ambalo linawachoma wachezaji kuliko wasimamizi wanavyodhani. Katika mashindano kama ya Indian Wells na Miami, yenye droo ya watu 96, wachezaji 32 waliopangwa juu hupita raundi ya kwanza bila kucheza. Mmoja wao akijitoa kwa kuchelewa, mshindwa mwenye bahati hurithi nafasi yake kama ilivyo, na hivyo hujikuta raundi ya pili bila kutoka jasho, wakati yule aliyemshinda siku mbili kabla bado anatakiwa kucheza raundi ya kwanza. Aliyeshinda anafanya kazi, aliyeshindwa anapumzika. Pale ambapo mechi ya aliyefuzu bado haijachezwa, lingekuwa jambo la haki nafasi hiyo ya kupita ipigiwe kura kati ya waliofuzu mchujo, na mshindwa mwenye bahati aingie mahali pa huyo aliyepanda. Pale ambapo muda hauruhusu, basi ibaki kama ilivyo.

Isidhaniwe kwamba ninawabeza waliowahi kuingia kwa mlango huu. Kinyume chake, wao ndio sababu ya mimi kuamini kwamba mlango unastahili kutunzwa vizuri. Mswisi Heinz Günthardt alitwaa ubingwa wa Springfield mwaka 1978 akiwa ameingia kama mshindwa mwenye bahati. Mbelgiji Dick Norman aliingia hivyo Wimbledon mwaka 1995 na kuwatoa Pat Cash na Stefan Edberg, wote wawili mabingwa wa zamani wa uwanja ule, kabla ya kusimamishwa na Boris Becker katika raundi ya nne. Andrey Rublev alipata taji lake la kwanza la ATP mjini Umag mwaka 2017 kwa njia hiyo, na Kwon Soon-woo wa Korea Kusini akafanya hivyo Adelaide mwaka 2023.

Kisa ninachowasimulia wanafunzi wangu mara nyingi zaidi ni cha Coco Gauff. Mwaka 2019, akiwa na miaka 15, alishindwa katika raundi ya mwisho ya mchujo mjini Linz, Austria. Maria Sakkari akajitoa, Gauff akaingia, akamtoa Kiki Bertens aliyekuwa amepangwa namba moja, na mwisho wa wiki akamshinda Jeļena Ostapenko katika fainali. Lilikuwa taji lake la kwanza katika ziara ya WTA. Miaka minne baadaye alikuwa bingwa wa New York. Wanafunzi wangu huuliza swali moja kila ninapomaliza kisa hiki: alikuwa wapi alipoitwa? Nami huwajibu kwamba alikuwa hajaondoka. Mgaagaa na upwa hali wali mkavu, nao wanaelewa, kwa sababu wengi wao ni watoto wa wavuvi.

Na hilo linanileta kwenye kusubiri kwenyewe. Anayesubiri lazima awe ameandikisha jina, awe amefika kiwanjani, na awe tayari kuingia kwa taarifa fupi sana. Mwaka 2025 kule Melbourne, Mjerumani Eva Lys aliingia zikiwa zimebaki dakika chache tu, baada ya Anna Kalinskaya kujitoa, na akafika raundi ya nne. Hiyo ni sifa kubwa kwake. Lakini fikirini wale ambao walisubiri siku mbili au tatu wakilipia chumba katika mji wa gharama kubwa, wakapasha mwili moto kila asubuhi, na hawakuitwa. Hawajafanya kosa lolote. Wamekaa pale ili mashindano yenu yasikose mechi wala televisheni isikose picha, na hiyo ni kazi. Anayewekwa zamu hospitalini hulipwa posho hata kama usiku umepita bila mgonjwa. Ninaomba kila aliyeandikishwa kwenye orodha ya kusubiri apewe malazi, chakula na posho ya siku hadi mechi ya mwisho ya raundi ya kwanza itakapoanza.

Kuhusu nafasi za mwaliko, ambazo wengi huzilalamikia pamoja na hizi, nitaandika siku nyingine. Ni suala tofauti, kwa sababu mwaliko unajulikana kuwa ni hiari ya mwenye nyumba, na hakuna anayejifanya kwamba ni kitu kingine.

Kwa viongozi wetu wa hapa nchini ninaomba jambo ambalo halihitaji kusubiri London. Katika mashindano ya vijana, viwango havina maana kubwa, kwa kuwa mtoto anayeishi karibu na viwanja vya Dar es Salaam au Arusha hucheza mara nyingi kuliko wa Masasi, Nachingwea au Newala, na pointi zake zinaeleza zaidi anakoishi kuliko anavyocheza. Andikeni kwenye fomu za mashindano kwamba nafasi ikiwa wazi, majina ya wote walioshindwa katika raundi ya mwisho ya mchujo yataandikwa kwenye vikaratasi, yatawekwa kwenye kofia, na mtoto mdogo kuliko wote aliyepo atachomoa mbele ya wote. Kofia tunayo. Na tafadhali, mwamuzi mkuu awaambie watoto saa ambayo kusubiri kutakwisha, ili waweze kwenda kula.

Waheshimiwa, sitarajii kwamba barua kutoka Mtwara itabadilisha kanuni kwa wiki moja. Ninatarajia isomwe, na ninatarajia ijibiwe hadharani kama nilivyoiandika hadharani, hasa juu ya ile hesabu ya moja kati ya nane, kwa sababu sijaona hoja inayoishinda na ningependa kuisikia kama ipo.

Binti ninayemsemea bado anafanya mazoezi kila jioni jua likipungua makali. Ameongeza nguvu kwenye sevu ya pili, ambayo ndiyo iliyomwangusha katika taibreki ile. Tutasafiri tena likizo ya Desemba, na baba yake ameshaniahidi nauli kutoka kwenye malipo ya kwanza ya korosho. Wiki iliyopita aliniuliza iwapo safari hii akishindwa mechi ya mwisho abaki kwenye zile ngazi, au tukate tiketi ya kurudi usiku huo huo. Nilimwambia nitauliza.

Wenu katika mchezo,

Mwalimu wa tenisi ya vijana,
Mtwara